Kabla ya Kuagiza Chupa ya Albumini

Kila aliyewahi kuuguza mtu aliyevimba mwili katika hospitali zetu anaifahamu karatasi moja ndogo. Juu yake huandikwa jina la mgonjwa na namba ya kitanda, na chini yake maneno machache: albumini, asilimia 20, chupa tatu. Ndugu wa mgonjwa huipokea, huikunja vizuri, kisha huanza kuzunguka maduka ya dawa ya mjini, kwa kuwa mara nyingi dawa hiyo haipatikani katika dirisha la hospitali. Akiipata, huilipia kwa fedha zilizochangwa na ukoo mzima. Muuguzi huitundika chupa, maji yake ya manjano hafifu hudondoka taratibu mshipani, na inapokaribia kwisha mgonjwa hupigwa sindano ya furosemaidi. Kisha sote tunasubiri mkojo.

Nimeziandika karatasi hizo kwa miaka mingi. Sikuziandika kwa uzembe. Niliziandika kama nilivyofundishwa na walionitangulia, nao walifundishwa vivyo hivyo. Leo naona ni wajibu wangu kusema bayana kwamba kwa wagonjwa wengi waliojaa maji mwilini, kuunganisha albumini na dawa ya kukojosha ni desturi yenye gharama kubwa na faida ndogo. Tena desturi hiyo imetusahaulisha mambo ya msingi, ambayo humpunguzia mgonjwa maji kwa uhakika zaidi na kwa gharama nafuu.

Aliyenifungua macho ni mgonjwa. Alikuwa mzee mwenye ini lililonyauka, yaani sirosisi. Tumbo lilikuwa limejaa maji na miguu imevimba hadi mapajani. Kipimo cha damu kilionyesha albumini ya gramu 19 kwa lita, ilhali kiwango cha kawaida ni kati ya gramu 35 na 50. Tuliagiza chupa, wanawe wakazinunua. Siku ya tatu tukaagiza nyingine. Kijana wake mkubwa aliniamkia, "Shikamoo, daktari," kisha akanieleza kwa sauti ya chini kwamba ng'ombe wawili wameshauzwa na wa tatu hayupo. Mkojo uliongezeka kidogo, lakini uzito haukushuka. Juma lililofuata mzee alipata homa na maumivu ya tumbo: maji ya tumboni yalikuwa yameingiwa na bakteria. Hapo ndipo albumini ilipohitajika kweli, kwa sababu nitakayoieleza, na hapo ndipo fedha ya kununua hata chupa moja ilipokosekana. Tulimpa antibaiotiki peke yake. Figo zake zilizima, naye akafariki dunia. Siwezi kuapa kwamba albumini ingemwokoa. Ninachojua ni kwamba chupa zake tulizimaliza mahali pasipo pake.

Tuitendee haki desturi hii kwa kuanza na mantiki yake, maana haikuzuka bure. Albumini ni protini inayotengenezwa na ini, nayo huchangia takriban robo tatu ya nguvu ya damu ya kuvuta maji yabaki ndani ya mishipa. Mwaka 1896 mwanafiziolojia Mwingereza Ernest Starling alieleza kwamba maji katika mishipa midogo yamo kati ya nguvu mbili: msukumo wa damu unaoyatoa nje, na mvuto wa protini unaoyazuia ndani. Kutokana na maelezo hayo ni rahisi kuhitimisha kwamba albumini ikipungua mwili utavimba, na ikiongezwa uvimbe utarudi mishipani, figo ziutoe.

Hoja ya pili inahusu furosemaidi yenyewe. Zaidi ya asilimia 95 ya dawa hiyo husafiri katika damu ikiwa imeshikamana na albumini. Ikifika figoni, hutolewa katika damu na kuingizwa ndani ya mirija midogo ya mkojo, na humo ndimo inapozuia chumvi isirudishwe mwilini. Chumvi ikitoka, maji huifuata. Mwaka 1987 watafiti walichapisha matokeo kuhusu panya waliozaliwa bila albumini: furosemaidi iliyochanganywa na albumini iliwakojosha vyema zaidi kuliko ilipotolewa peke yake. Matokeo hayo yalisafiri kutoka maabara hadi wodini kwa kasi ambayo ushahidi wa wanadamu haukuwa nayo.

Mantiki nzuri, hata hivyo, si ushahidi. Wako watu wachache sana duniani waliozaliwa bila albumini katika damu. Kama upungufu wa albumini peke yake ungetosha kuujaza mwili maji, watu hao wangekuwa wamevimba tangu utotoni. Lakini wengi wao huwa na uvimbe kidogo tu wa miguu, au hawana kabisa. Katika ugonjwa wa figo uitwao nefrotiki, ambao protini hupotea kwa wingi katika mkojo, imedhihirika kwamba kwa wagonjwa wengi figo zenyewe ndizo zinazong'ang'ania chumvi. Katika sirosisi na katika moyo ulioshindwa kufanya kazi pia, figo hushikilia chumvi kwa amri ya homoni za mwili. Albumini ya chini katika hali nyingi hizi ni dalili ya ukali wa ugonjwa kuliko kuwa chanzo cha uvimbe. Kuipandisha namba hiyo kwa chupa ni sawa na kufuta moshi ukutani huku moto ukiendelea kuwaka jikoni.

Isitoshe, albumini tunayoitia haikai mahali tunapoitaka. Hata kwa mtu mwenye afya, takriban asilimia 5 ya albumini iliyomo katika damu hupenya kuta za mishipa kila saa kwenda kwenye tishu, na kwa mgonjwa mwenye maambukizi makali hupenya kwa kasi zaidi. Kwa mgonjwa wa nefrotiki, sehemu kubwa ya kile kilichonunuliwa leo itakuwa imepotea katika mkojo ndani ya siku chache.

Je, majaribio kwa wanadamu yalionyesha nini? Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa wa sirosisi wenye maji tumboni: kuchanganya albumini na furosemaidi hakukuongeza chumvi iliyotoka katika mkojo. Mwaka 2012 watafiti wa Thailand walichunguza wagonjwa 24 wenye ugonjwa sugu wa figo na albumini ya chini. Katika saa 6 za mwanzo waliopewa mchanganyiko walikojoa zaidi, lakini kufikia saa 24 tofauti hiyo haikuonekana tena. Mwaka 2014 uchapishwaji wa uchambuzi uliounganisha tafiti kadhaa za aina hii ulitoa jibu lilelile: nyongeza ya mkojo ilikuwa takriban mililita 230 katika saa 8, na kufikia saa 24 faida haikuthibitika. Mililita 230 ni kikombe kimoja cha chai. Naomba kila anayeandika karatasi ile akifikirie kikombe hicho, kisha amfikirie anayekwenda kukilipia. Mwaka 2024 mwongozo wa kimataifa wa matumizi ya albumini haukupendekeza iunganishwe na dawa za kukojosha ili kutoa maji kwa watu wazima mahututi, huku ukikiri kwamba ushahidi uliopo ni dhaifu.

Najua mwenzangu atasema, "Mimi nimeona kwa macho yangu, mgonjwa alikojoa." Naamini aliona. Saa za mwanzo ndizo tunazozitazama, na katika saa hizo mkojo huongezeka kweli. Lakini pia mara nyingi siku tunapoanza albumini ndiyo siku tunapopandisha kipimo cha furosemaidi, tunapoihamisha kutoka kidonge kwenda sindano, na tunapoanza kumfuatilia mgonjwa kwa makini. Mambo manne yakitendwa siku moja, sifa huenda kwa lile lililo ghali kuliko yote.

Gharama si ya fedha tu. Albumini huvuta maji kuyaingiza mishipani. Figo zisipoyatoa upesi, mapafu ndiyo yanayoyapokea. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2021, wagonjwa 777 wa sirosisi waliolazwa hospitalini waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likapewa albumini kwa lengo la kuifikisha gramu 30 kwa lita. Maambukizi hayakupungua, kuharibika kwa figo hakukupungua, vifo havikupungua. Na matatizo makubwa ya maji kujaa mapafuni yalikuwa mengi zaidi kwa waliopewa albumini kwa wingi. Mwenye moyo dhaifu ana kila sababu ya kuogopa jambo hilo.

Pamoja na hayo, sitaki msomaji aondoke akidhani kwamba albumini ni dawa isiyo na kazi. Zipo hali ambazo imethibitika kuokoa maisha, na hizo ndizo zinazonifanya nisikitike inapopotezwa. Ya kwanza ni ile iliyompata yule mzee: maji ya tumboni kuingiwa na bakteria kwa mgonjwa wa sirosisi. Utafiti uliofanyika Hispania na kuchapishwa mwaka 1999 kwa wagonjwa 126 ulionyesha kwamba waliopewa antibaiotiki pamoja na albumini, gramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito siku ya kwanza na gramu 1 kwa kilo siku ya tatu, walifariki hospitalini kwa asilimia 10, ilhali waliopewa antibaiotiki peke yake walifariki kwa asilimia 29. Ya pili ni pale tunapotoboa tumbo na kutoa zaidi ya lita 5 za maji kwa mkupuo. Hapo hutolewa takriban gramu 8 za albumini kwa kila lita iliyotoka, ili mzunguko wa damu usiporomoke. Ya tatu ni figo kuanza kushindwa kwa sababu ya ugonjwa wa ini. Upo pia utafiti wa Italia wa mwaka 2018 ulioonyesha kwamba wagonjwa wa sirosisi waliopewa albumini kila wiki kwa miezi mingi waliishi zaidi. Lakini hiyo ni tiba ya muda mrefu inayohitaji ufuatiliaji wa karibu, si chupa tatu za juma hili.

Yuko pia mtoto mwenye nefrotiki ambaye macho yamefumba kwa uvimbe, lakini mikono ni ya baridi, mapigo ya moyo ni dhaifu na ya haraka, na tumbo linamuuma. Mtoto huyo amevimba nje huku mishipa yake ikiwa mikavu. Kumpiga furosemaidi peke yake ni kumhatarisha. Albumini inayotiwa polepole kwa saa kadhaa, furosemaidi ikifuata baada ya mishipa kujaa, inaweza kumwokoa. Na yuko mtu mzima mwenye albumini ya chini mno ambaye mbinu zote zimejaribiwa kwa ukamilifu zikashindikana. Kwake mtaalamu anaweza kuujaribu mchanganyiko huo kwa siku chache, kwa masharti kwamba matokeo yatapimwa na usipofaa utasitishwa. Sina ugomvi na chupa ya namna hiyo. Ninaikataa chupa inayoagizwa kwa sababu tu namba ya albumini ni ndogo.

Sasa nije kwenye hayo mambo ya msingi. La kwanza ni kipimo cha dawa. Furosemaidi ina kizingiti: chini ya kiwango fulani haifanyi lolote, na kwa mwenye figo dhaifu kizingiti hicho hupanda. Miligramu 40 zisizomkojosha mgonjwa asubuhi hazitamkojosha zikirudiwa jioni. Kinachotakiwa ni kuongeza kipimo hadi mkojo utoke, ndipo tuamue mara ngapi kwa siku. Kidonge nacho hufyonzwa kwa wastani wa nusu tu, tena kwa tofauti kubwa kati ya mtu na mtu, na utumbo uliovimba hukichelewesha. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, sindano ni hatua ya lazima kabla ya kusema dawa imeshindwa. Katika kushindwa kwa moyo kwa ghafla, mkojo ulio chini ya mililita 100 hadi 150 kwa saa katika saa 6 za mwanzo ni ishara ya kuongeza dawa, wala si ishara ya kwenda kutafuta albumini. Kipimo kikubwa kikishafikiwa, kuongeza dawa ya kundi la thaiazaidi huvunja ukaidi wa figo, mradi potasiamu na sodiamu zipimwe. Kwa mgonjwa wa sirosisi, spironolaktoni ndiyo nguzo. Uwiano uliozoeleka ni miligramu 100 zake kwa miligramu 40 za furosemaidi.

La pili ni chumvi, na hapa hospitali zenyewe zina kesi ya kujibu. Tunamshauri mgonjwa asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kisha tunamtundikia lita moja ya dripu ya chumvi kwa ajili ya kumpitishia dawa nyingine. Lita hiyo ina gramu 9 za chumvi. Furosemaidi inayatoa maji kwa mlango mmoja nasi tunayaingiza kwa mlango mwingine, halafu tunatangaza kwamba mgonjwa ni sugu kwa dawa. Hata chupa ya albumini ina sodiamu yake. Kila siku mtu apitie chati na kuuliza: dripu hii bado ina kazi gani?

La tatu ni dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wagonjwa wetu hununua dukani kwa ajili ya mgongo au magoti, hudhoofisha kazi ya dawa za kukojosha na huumiza figo. Swali moja la upole, "Mama, unatumia dawa gani nyingine ya maumivu?" limewahi kunifichulia siri ya uvimbe ambao chupa nyingi zisingeuondoa.

La nne ni mizani. Lita moja ya maji ni kilo moja ya uzito. Mgonjwa apimwe kila asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya kula, akiwa na nguo za uzito uleule, na namba iandikwe. Bila uzito hatujui kama tiba inafaa, wala hatujui kama tumepita kiasi. Mgonjwa wa sirosisi mwenye maji tumboni bila miguu kuvimba asipungue zaidi ya nusu kilo kwa siku. Mwenye miguu iliyovimba, isizidi kilo moja. Kazi hii ni ya wauguzi, nao huifanya vizuri pale wanapoona daktari anaisoma namba waliyoiandika. Tusipoisoma, wataacha kuiandika, na hatutakuwa na haki ya kuwalaumu.

Kwako wewe mgonjwa, nawe ndugu unayeuguza, naomba jambo moja. Usikatae dawa kwa sababu ya makala haya, wala usibadilishe kipimo chochote kwa uamuzi wako. Unayo haki ya kuuliza kwa heshima: "Daktari, albumini hii ni kwa ajili ya kitu gani hasa? Tutajuaje kwamba imesaidia? Je, kuna jambo jingine la kufanya kwanza?" Daktari mwenye sababu hatachukizwa na maswali hayo. Nyumbani, punguza chumvi ya mezani na ya kupikia, waeleze wahudumu dawa zote unazomeza, na jipime uzito ukiweza. Uzito ukipanda kwa kilo mbili ndani ya siku chache, ukishindwa kupumua ukilala, au ukipata homa ilhali tumbo limejaa maji, wahi hospitali siku hiyohiyo. Fahamu pia kwamba chupa iliyotundikwa si kipimo cha upendo wa watoto kwa baba yao. Nimewaona vijana wakiona haya kusema hawana fedha, wakaenda kukopa ili wasionekane wamemtupa mzazi. Aibu hiyo tuliwatwika sisi tulioandika karatasi bila maelezo.

Kwa wenzangu wa fani napendekeza kanuni nyepesi isiyohitaji bajeti. Yeyote anayeagiza albumini pamoja na dawa ya kukojosha aandike kwanza mambo matatu kwenye karatasi ileile: uzito wa mgonjwa wa jana na wa leo, kipimo kikubwa cha dawa ya kukojosha kilichokwisha kujaribiwa kwa sindano na mkojo uliotoka, na sababu ya kuagiza, mbali na namba ya albumini. Akishindwa kuyajaza hayo, wakati wa albumini bado haujafika. Akiyajaza na bado akaona inahitajika, aiagize bila kusita, nasi tumsaidie ndugu wa mgonjwa kuipata.